UZI: Mwanamke hakwamishwi na wapiga kura, anakwamishwa kwenye kikao cha uteuzi

#1 Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila mwanamke anapoapishwa kuwa rais au waziri mkuu huko duniani, swali huwa lile lile: je, wananchi wako tayari kuongozwa na mwanamke? Nimelisikia mara nyingi mno, na kwa maoni yangu linamlenga mtu asiyehusika. Siku ya kiapo ni mwisho wa safari. Safari yenyewe imepita kwenye vyumba ambavyo kamera haziingii, na humo ndimo wengi wao wanapoishia.

Naanza na nilichokiona kwa macho yangu. Niliwahi kuwa mwandishi wa muhtasari kwenye kikao cha chama fulani kilichokuwa kinachuja watiania. Walikuwa watano, mwanamke mmoja. Wanaume wanne waliulizwa kura watazitoa wapi, wana mtandao wa watu wangapi, wakishinda wataanza na lipi. Alipoingia yule mama, swali la kwanza lilikuwa, "Mumeo anasemaje?" La pili, "Mikutano ya usiku utaiweza?" Alijibu kwa utulivu, mikono ameiweka juu ya faili la kahawia. Ndani ya faili lile, nililiona baadaye, kulikuwa na majina ya wanachama aliowaandikisha mwenyewe kwa miaka sita, tawi kwa tawi, kwa mwandiko wake. Hakuna aliyemwambia alifungue. Muda wake ukaisha, akashukuru, akatoka. Kwenye muhtasari niliandika "mtiania namba 3 hajajipanga vya kutosha", maana ndivyo mwenyekiti alivyoniagiza. Sentensi ile inaniuma mpaka leo.

Wapiga kura hawakumkataa yule mama. Hawakupata hata nafasi ya kumwona.

Tangu siku hiyo, nikisoma habari za mwanamke aliyefika juu, natafuta jambo moja tu: kikao cha uteuzi alikivukaje?

Chukueni Iceland. Mwaka 1980 Vigdís Finnbogadóttir alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais kwa kura za wananchi moja kwa moja. Alishindana na wanaume watatu, akapata takriban theluthi moja ya kura, zikatosha. Alikuwa mtalaka anayemlea peke yake binti aliyemuasili, jambo ambalo kikao chochote cha wazee wa chama kingelijadili mpaka usiku wa manane. Lakini urais wa nchi ile hauna kikao hicho. Anayetaka kugombea anakusanya saini za wananchi, basi. Na wananchi hao walikuwa wameshaziona nguvu zao: tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake karibu asilimia 90 waligoma kazi za ofisini na za nyumbani kwa siku nzima. Vigdís alikaa madarakani miaka 16.

Sasa linganisheni na Ujerumani. Angela Merkel alikuwa katibu mkuu wa chama cha CDU wakati kashfa ya michango ya siri ilipomgusa kansela wa zamani Helmut Kohl, mtu aliyemlea kisiasa mpaka akawa anaitwa "binti wa Kohl". Desemba 1999 Merkel aliandika makala gazetini akikitaka chama kijitenge na mzee huyo. Aprili 2000 akachaguliwa mwenyekiti. Mngedhani njia imefunguka. Wapi! Ulipokaribia uchaguzi wa 2002, vigogo wa majimbo hawakumtaka kuwa mgombea ukansela. Januari mwaka huo alisafiri mpaka nyumbani kwa Edmund Stoiber, mpinzani wake, wakanywa chai ya asubuhi, akamwachia nafasi. Stoiber akashindwa uchaguzi. Merkel alikuwa amepiga hesabu zake: mara baada ya matokeo alichukua uongozi wa wabunge wa chama, na mwaka 2005 hakukuwa na wa kumzuia. Alitawala miaka 16, mpaka Desemba 2021. Mtu huyu wananchi walimchagua mara nne. Waliomwambia asubiri ni wenzake wa mezani.

Nchi zaidi ya nusu duniani hazijawahi kuongozwa na mwanamke hata siku moja. Sitaki tuseme ni kwa sababu wananchi wake wote hawataki. Tuulize kwanza ni lini waliletewa.

Karibuni tujadili.

#2 Mzee wa Hoja

Mkuu umeandika vizuri, ila umechagua mifano inayokufaa. Wengi waliofika juu walibebwa na jina la baba au la mume. Bandaranaike wa Sri Lanka, Indira wa India, Benazir wa Pakistan, Aquino wa Ufilipino, Khaleda Zia na Sheikh Hasina wa Bangladesh. Hapo kikao kimewazuia wapi? Kikao ndicho kilichowafuata nyumbani.

#3 Mleta uzi

Mzee wangu, umegusa penyewe. Kikao kiliwafuata nyumbani, na ndiyo hoja yangu. Tuangalie kilikuwa na shida gani siku hiyo.

Sirimavo Bandaranaike, wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu, aliingia Julai 1960 huko Ceylon, Sri Lanka ya leo. Mumewe alikuwa ameuawa Septemba 1959 akiwa madarakani, chama kimebaki kinayumba, hakuna jina linalovuta watu kama la marehemu. Wakamwomba mjane. Corazon Aquino naye aliombwa baada ya mumewe kuuawa mwaka 1983 na upinzani kukosa mtu mmoja wa kuwaunganisha. Jina la familia halikuwapa akili wala ujasiri, vyote hivyo walikuwa navyo. Liliwapa kitu kimoja tu: kuvushwa pale mlangoni bila kuulizwa "mumeo anasemaje". Hebu fikirini ni wangapi wenye uwezo kama wao ambao baba zao walikuwa wakulima tu.

Na wale wazee waliodhani wamepata mtu wa kumtumia, wengi walijuta. Januari 1966 waziri mkuu wa India, Lal Bahadur Shastri, alifariki ghafla Tashkent. Vigogo wa chama tawala cha Congress wakampitisha Indira Gandhi wakiamini watamwendesha kutoka nyuma. Mpinzani mmoja bungeni alimbandika jina la "mwanasesere bubu". Kufika 1969 chama kilikuwa kimepasuka vipande viwili na vigogo wale wako nje, na mwaka 1971 mwanasesere yule akashinda uchaguzi kwa kishindo.

Siandiki haya kumsafisha. Mwaka 1975 alitangaza hali ya hatari, akawaweka wapinzani ndani na kuyafunga midomo magazeti, na wananchi wakamwadhibu kwenye kura za 1977. Hasina naye alitawala miaka 15 mfululizo, mpaka Agosti 2024 alipokimbia nchi baada ya damu ya vijana kumwagika barabarani. Mwanamke akishika dola ameshika dola kweli, anaweza kuitumia vibaya kama mwanamume. Sipiganii kwamba wao ni malaika. Napigania wapimwe kwa vipimo vile vile.

#4 Kalamu Nyeusi

Na wanaopewa wakati mambo yameharibika je? Naona kama kuna mtindo huo.

#5 Mleta uzi

Upo, na umechunguzwa. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Exeter, Michelle Ryan na Alex Haslam, waliangalia makampuni makubwa ya Uingereza wakaona wanawake huelekea kuingizwa kwenye bodi pale kampuni inapokuwa imeshaanza kuteleza. Chombo kikishaingiza maji ndipo anatafutwa nahodha wa kike. Kikizama, lawama ni zake.

Kwenye siasa mfano unaonigusa zaidi ni Kim Campbell wa Kanada. Alikabidhiwa chama tawala Juni 1993, mtangulizi wake ameshachukiwa na nchi nzima, uchaguzi uko mlangoni. Oktoba chama kile kilichokuwa na wabunge wengi kuliko vyote kilibakiwa na viti 2. Hata kiti chake mwenyewe kilikwenda. Alikuwa waziri mkuu kwa miezi minne na siku kadhaa, na mpaka sasa Kanada haijapata mwanamke mwingine kwenye nafasi hiyo. Theresa May alikabidhiwa Uingereza Julai 2016, wiki tatu baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, wakati wanaume walioinadi kura ile wameshachinjana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini si kila aliyepewa kaa la moto aliungua. Jóhanna Sigurðardóttir aliichukua Iceland Februari 2009, mabenki makubwa ya nchi yameanguka miezi michache kabla, akaiongoza mpaka 2013. Ellen Johnson Sirleaf alikuta Liberia imetoka kwenye vita, majengo ya serikali hayana umeme. Na yeye, mzee wangu wa hoja, hakubebwa na jina la mume. Aligombea 1997 akashindwa na Charles Taylor, akarudi 2005, duru ya kwanza akawa nyuma ya George Weah, duru ya pili akapata asilimia 59. Wapiga kura wale wale wanaoambiwa hawako tayari.

#6 Dada Mkubwa

Naomba kuchangia kuhusu kiti cha makamu. Watu wanakiona cha mapambo, chama kinaweka mwanamke pale ili picha ikae sawa. Lakini ndicho kilichowafikisha Joyce Banda na Samia Suluhu Hassan. Je, hiyo nayo ni njia, au ni bahati?

#7 Mleta uzi

Dada yangu, ni njia, ila ina mtego wake. Wanaompitisha makamu mara nyingi hawafikirii siku atakayokuwa rais. Siku ikifika wanashtuka.

Angalieni Malawi. Joyce Banda alikuwa amefukuzwa kwenye chama tawala mwaka 2010 akaanzisha chake, lakini umakamu ni wa kikatiba, hawakuweza kumvua. Tarehe 5 Aprili 2012 Rais Bingu wa Mutharika alifariki. Kwa siku mbili nchi ilikaa haina tamko la wazi, huku baadhi ya mawaziri wakiwaambia waandishi wa habari kwamba Banda hawezi kurithi kwa kuwa ana chama kingine. Jeshi lilisimama na katiba, akaapishwa tarehe 7. Siku mbili zile ndizo ninazotaka tuzifikirie. Maneno ya katiba yalikuwa meupe kabisa, na bado walitafuta namna. Kisha akakuta nchi haina mafuta wala fedha za kigeni, akashusha thamani ya sarafu, kashfa ya wizi hazina ikalipuka mwaka 2013 mikononi mwake, na kwenye uchaguzi wa 2014 akawa wa tatu.

Samia alikuwa mgombea mwenza mara mbili, 2015 na 2020, na aliapishwa Machi 19, 2021, siku mbili baada ya kifo cha John Magufuli kutangazwa. Hapo napo katiba ndiyo iliyoamua. Hakuna kikao kilichokaa kujiuliza kama mwanamke anafaa.

Sasa tazama tofauti na Namibia. Netumbo Nandi-Ndaitwah aliapishwa Machi 21, 2025 baada ya kushinda uchaguzi wa Novemba 2024. Kila mtu anaikumbuka siku ya kura. Mimi nakumbuka mkutano mkuu wa chama tawala, SWAPO, wa 2022, pale wajumbe walipokuwa wanachagua makamu wa rais wa chama, nafasi ambayo kila mjumbe alijua ndiyo tiketi ya urais. Wagombea walikuwa watatu: yeye, waziri mkuu Saara Kuugongelwa-Amadhila, na mwanamume mmoja. Wanawake wawili kati ya watatu! Wakati huo alikuwa na miongo mitano ndani ya chama kile. Leo yeye ni rais, makamu wake ni mwanamke, na Kuugongelwa-Amadhila ni spika. Hayo hayakuanzia kwenye sanduku la kura.

#8 Mzee wa Hoja

Nakubali kiasi. Lakini Marekani vyama viliwapitisha, Clinton 2016 na Harris 2024, wote wakaanguka. Hapo usimlaumu mjumbe wa kikao.

#9 Mleta uzi

Haki yako mzee. Hapo kikao kilifungua mlango. Clinton alipata kura takriban milioni 2.9 zaidi ya mpinzani wake, utaratibu wa wajumbe wa majimbo, wanaomchagua rais kwa niaba ya wananchi, ndio uliomnyima. Harris alikabidhiwa bendera Julai 2024 baada ya Biden kujitoa, akawa na siku 107 za kampeni. Lakini sitajificha nyuma ya takwimu. Wapo wapiga kura ambao hawamtaki mwanamke, na wengine wanasema hivyo bila kuficha. Sidai kwamba chuki hiyo haipo. Nadai kwamba inayeyuka watu wakiona.

Na hili lilipimwa vijijini India. Tangu 1993 theluthi moja ya viti vya wenyeviti wa mabaraza ya vijiji ilitengwa kwa wanawake, na vijiji vya kutengewa vilichaguliwa kwa mzunguko, si kwa matakwa ya mtu. Kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha vijiji kama unavyolinganisha vitu viwili kwenye mizani. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walichapisha matokeo mwaka 2004: kule walikoongoza wanawake, fedha zaidi zilikwenda kwenye maji ya kunywa, jambo ambalo wanawake wa vijiji walikuwa wanalilalamikia zaidi. Utafiti uliofuata Bengal Magharibi ukaonyesha kwamba kijiji kikishaonja wenyeviti wanawake mara mbili, hata kiti kisipotengwa tena wanawake wengi zaidi wanagombea na wanashinda. Wanaume wa vijiji vile hawakuhubiriwa. Walimwona mama wa jirani akikagua bomba.

#10 Kalamu Nyeusi

Kwa hiyo unaunga mkono viti vya kutengewa? Maana wengi wanasema vinazalisha wabunge wa kupiga makofi.

#11 Mleta uzi

Naunga mkono, kwa sharti moja: sheria iandikwe na mtu anayejua ujanja wa vyama.

Hapa nisimulie ya Mexico kwa kirefu kidogo, maana ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote. Sheria ilivitaka vyama viweke kiwango fulani cha wanawake kwenye orodha. Vyama vikaweka. Mwaka 2009 bunge lilipoanza tu, wabunge kadhaa wanawake wakaomba ruhusa ya kuondoka, na waliokalia viti vyao ni wanaume waliokuwa wameandikwa kama wabunge wa akiba. Wengine walikuwa waume zao au ndugu zao. Wale wanawake walitumika kama funguo, mlango ukishafunguka ufunguo unawekwa mfukoni. Watu wakawapa jina la dhihaka, "Juanitas".

Wangeweza kukata tamaa. Badala yake wanawake wa vyama mbalimbali, waliokuwa hawasalimiani kwenye mambo mengine, walikwenda mahakamani pamoja. Mwaka 2011 mahakama ya uchaguzi ikaamua: mgombea akiwa mwanamke, na wa akiba wake awe mwanamke. Tundu likazibwa. Mwaka 2014 katiba ikataka usawa wa nusu kwa nusu kwenye wagombea wa bunge, mwaka 2019 usawa ukapanuliwa mpaka kwenye mihimili yote. Kisha ukaja uchaguzi wa Juni 2, 2024. Wagombea wawili wakubwa wa urais, Claudia Sheinbaum na Xóchitl Gálvez, wote wanawake. Swali la kama nchi iko tayari kwa mwanamke likafa lenyewe, watu wakabaki kubishana kuhusu usalama, mafuta na mishahara. Mtu asiyempenda Sheinbaum alikuwa na mwanamke mwingine wa kumpigia. Usawa ninaoutafuta ni huo hasa.

Argentina walijifunza hilo mapema. Sheria yao ya 1991 ilitaka angalau asilimia 30 ya wanawake kwenye orodha, na ikasema wawekwe kwenye namba zenye uwezekano wa kushinda. Bila kifungu hicho utawekwa namba ya mwisho na utaambiwa umepewa nafasi.

Lakini tusijidanganye kwamba wingi wa wabunge unapanda wenyewe mpaka ikulu. Rwanda ina wabunge wanawake zaidi ya asilimia 60, hakuna nchi inayoipita, na urais haujawahi kushikwa na mwanamke. Duniani kote wanawake walikuwa kama asilimia 11 ya wabunge mwaka 1995, sasa ni kama 27. Kiti cha juu kabisa ni kimoja, hakigawanyiki kwa theluthi. Kile kinategemea nani yuko chumbani jina linapopendekezwa.

#12 Dada Mkubwa

Na akifika, anawakumbuka wenzake? Thatcher wa Uingereza alikaa miaka 11.

#13 Mleta uzi

Thatcher kwa miaka yote 11 aliingiza mwanamke mmoja tu kwenye baraza lake la mawaziri. Gro Harlem Brundtland wa Norway, mwaka 1986, aliunda baraza la watu 18 lenye wanawake 8, na tangu hapo hakuna waziri mkuu wa nchi ile aliyethubutu kurudi nyuma sana. Wote wawili ni wanawake, wote wawili viongozi wa nguvu. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba inategemea, na nasikitika kusema hivyo, maana ningependa ijibike kwa neno moja.

#14 Kalamu Nyeusi

Mkuu, hujatuambia. Yule mama wa faili la kahawia aliishia wapi?

#15 Mleta uzi

Alirudi miaka mitano baadaye. Nilikuwa nimeshaacha kazi ile, haya nimeambiwa na yeye mwenyewe. Safari hiyo kikao kilikuwa na wajumbe wanawake watatu kati ya tisa. Mmoja wao alimwomba afungue faili. Walipitia majina kwa dakika ishirini. Alishika nafasi ya pili, akapitishwa mwingine, na yeye akakubali.

Mwaka uliofuata walimchagua kuwa mjumbe wa kikao kile kile. Nilimuuliza siku ya kwanza alifanya nini. Akaniambia aliomba maswali yaandikwe kwenye karatasi kabla watiania hawajaingia, na kila anayeingia aulizwe yale yale.